Mtaalamu wa virusi alijuaje? Safari ya swali lililoanzia kando ya Ziwa Viktoria

Kwenye benchi la zahanati moja mtaani Nyalenda, Kisumu, mama mmoja alikuwa ameshika kadi ya kliniki ya binti yake wa miaka kumi. Alikuwa ameikunja na kuikunja tena mpaka ikabaki ukubwa wa kibiriti. Muuguzi alikuwa ameshamweleza kwamba chanjo dhidi ya virusi vya HPV inakinga saratani ya mlango wa kizazi, na mama hakubisha. Aliuliza tu: "Sister, huyo aliyesema saratani inaletwa na virusi ni nani? Na yeye alijuaje?"

Muuguzi aliitazama foleni iliyofika hadi nje ya mlango, akamjibu kwa upole, "Ni wataalamu, mama." Foleni ikasogea.

Swali lile lilistahili jibu refu kuliko nafasi aliyokuwa nayo muuguzi. Wengi huuliza kama chanjo ina madhara, lakini ni wachache wanaouliza elimu yenyewe ilitoka wapi. Siku hizi kila mlipuko wa ugonjwa unapotangazwa redioni, analetwa mtu anayeitwa mtaalamu wa virusi, na sifa zake zinasomwa: amechapisha makala mia kadhaa, amenukuliwa mara elfu kadhaa. Msikilizaji wa Kondele au wa Nakuru aifanyie nini hesabu hiyo? Nitajaribu kulifungua jambo hili kwa kufuata kazi ya mtu mmoja, Mjerumani Harald zur Hausen. Nimemchagua kwa sababu swali lililomfungulia njia lilitoka huku kwetu, na sehemu ya jibu lake ikarudi kuthibitishwa Kisumu.

Karatasi ya fundi cherehani

Tuanze na virusi vyenyewe. Bakteria ni kiumbe kamili. Anakula, anakua, anajigawa, na ukimwacha kwenye maziwa ya jana atajiendesha bila msaada wa mtu. Kirusi hakiwezi kufanya lolote kati ya hayo kikiwa peke yake.

Mfikirie fundi cherehani wa soko la Kibuye. Ana mashine, uzi, kitambaa na mikono yake. Usiku mtu anapenyeza mezani pake karatasi ya kukatia nguo ambayo haikuletwa na mteja yeyote. Asubuhi fundi anaichukua, anakata na kushona kama ilivyoelekeza, na kazi inayotoka mikononi mwake ni nakala za karatasi ile ile, ambazo zinapeperuka hadi kwenye meza za mafundi wa jirani. Fundi ni seli ya mwili wako. Karatasi ni kirusi: maagizo matupu yaliyotiwa ndani ya bahasha ya protini. Ndani ya bahasha hiyo hamna mashine wala uzi.

Na maagizo yenyewe ni mafupi ajabu. Ya HPV yana herufi za kikemia zipatazo 8,000. Makala haya unayoyasoma yana herufi nyingi kuliko hizo.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini vile vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili tunavyokimbilia kununua dukani tukishikwa na mafua havifui dafu mbele ya virusi. Dawa hiyo huvunja mashine za bakteria, na kirusi hakina mashine yake. Kinatumia ya fundi.

HPV si HIV, na hili nalisisitiza kwa sababu herufi zinafanana na nimesikia watu wazima wakizichanganya. HIV hushambulia kinga ya mwili. HPV ni kundi kubwa la virusi, aina zaidi ya 200, ambavyo hukaa kwenye ngozi na kwenye utando laini wa mwili. Baadhi huleta vile vigwaru, yaani chunjua, vya mikononi mwa watoto. Baadhi huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi walioanza maisha ya ndoa huvipata wakati fulani bila kujua, kisha mwili wenyewe unavifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Tatizo ni vile vichache visivyotoka.

Basi mtaalamu wa virusi ni nani? Anaweza kuwa daktari wa binadamu, daktari wa mifugo, au mtu aliyesomea biolojia na hajawahi kumpima mgonjwa hata mmoja. Tunapomwita "daktari" mara nyingi ni kwa shahada yake ya uzamivu. Kwa hiyo ukimuuliza aliponya watu wangapi, umemuuliza swali la mtu mwingine. Yeye aulizwe: ulionyesha nini ambacho hakikuwa kinajulikana, na wengine walipokirudia walikiona?

Mfano mzuri uko Naivasha, Kaunti ya Nakuru. Mwaka 1930 wanakondoo walianza kufa kwa wingi kwenye shamba moja karibu na ziwa. Watafiti wa mifugo, R. Daubney na J. R. Hudson, pamoja na daktari P. C. C. Garnham, walichunguza maini ya wanyama wale, wakaonyesha kwamba kinachoua ni kirusi, na mwaka 1931 wakaandika kila walichokiona. Huo ndio ugonjwa unaoitwa leo homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2000 ulipovuka bahari na kuibuka Saudi Arabia na Yemen, watafiti hawakuanza na karatasi tupu. Kazi iliyoanzia zizini Naivasha miaka 70 nyuma ilikuwa inawangoja.

Mstari uliopita kati ya Kisumu na Nakuru

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji aliyetoka Ireland, Denis Burkitt, alikuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliletewa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, jambo lisilo la kawaida. Muda si mrefu akamwona mwingine. Alikusanya taarifa za watoto wa namna hiyo, akachapisha makala mwaka 1958. Karibu hakuna aliyeyajali. Ungeipima kazi ya Burkitt mwaka 1959 kwa kuhesabu waliomnukuu, ungesema hana kitu.

Yeye aliendelea kuuliza. Alituma barua kwa hospitali nyingi, kisha mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia kwenye gari kuukuu na kusafiri takriban kilomita 16,000 Afrika Mashariki na ya Kati, wakionyesha picha za watoto na kuuliza kila kituo: mmewahi kuona hivi? Majibu yalipowekwa kwenye ramani, mstari ukajitokeza. Katika sehemu zetu, uvimbe ule, ambao ni saratani inayoitwa leo uvimbe wa Burkitt, ulikuwa wa nchi za chini na joto. Juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari ulikuwa adimu sana.

Hili linaonekana vizuri ukiwa ndani ya matatu. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi. Gari likishapita Ahero na Awasi linaanza kupanda, masikio yanaziba, watu wanafunga madirisha kwa baridi, na kabla hujafika Kericho umeshauvuka mstari wa Burkitt. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, juu ya mstari kabisa. Watoto wa kando ya ziwa walikuwa wakiugua. Wa mlimani wakisalimika.

Kinachotenganisha nchi hizo mbili ni nini? Mbu wa malaria. Kwanza ilidhaniwa kwamba mbu ndiye anayebeba kirusi cha uvimbe huo. Baadaye ikaeleweka kwamba mbu analeta malaria, na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara inavuruga kinga yake na kukipa nafasi kirusi kingine kabisa, kinachopita kwa mate. Kirusi hicho kilionekana London mapema mwaka 1964. Mtafiti Anthony Epstein alikuwa amemsikiliza Burkitt akizungumza mwaka 1961, na tangu hapo akawa akipokea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa karibu miaka mitatu hakupata chochote. Desemba 1963 ndege moja ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka kama ya kuoshea mchele. Wengi wangeyamwaga wakidhani yameoza. Epstein aliyatazama kwa hadubini akakuta si bakteria, ni seli za uvimbe zilizo hai zikielea. Aliziotesha pamoja na Yvonne Barr, na walipozitazama na Bert Achong kwa hadubini ya elektroni kirusi kilikuwa ndani. Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Wewe unayesoma huenda unacho. Sehemu kubwa ya watu hakiwadhuru.

Kirusi kisichoonekana

Sasa tumfikie zur Hausen. Alizaliwa Gelsenkirchen, Ujerumani, mwaka 1936, akasomea udaktari, na katika miaka ya 1960 akaenda Philadelphia, Marekani, kwenye maabara ya Werner na Gertrude Henle waliokuwa wakikichunguza kirusi cha Epstein-Barr. Huko alikutana na jambo lililomsumbua. Kulikuwa na seli za uvimbe wa Burkitt ambazo ukizitazama kwa hadubini yenye nguvu kiasi gani huoni kirusi hata kimoja. Wenzake waliona hiyo ni dalili kwamba kirusi hakihusiki. Yeye alishuku kinyume chake. Turudi kwa fundi wetu: bahasha imeshatupwa, lakini karatasi ingali kwenye mtoto wa meza, na fundi anaendelea kuifuata.

Utaitafutaje karatasi usiyoiona? Maagizo ya kirusi kama hicho yameandikwa kwa nyuzi mbili zinazoshikana kama zipu. Ukizitenganisha, upande mmoja utashika tu upande unaolingana nao meno kwa meno. Kwa hiyo mtafiti anachukua upande mmoja wa zipu ya kirusi anachokijua, anautia alama, anaumwaga kwenye seli za uvimbe. Ukishika, mwenzake yumo.

Mwaka 1970 zur Hausen na wenzake walichapisha matokeo: maagizo ya kirusi cha Epstein-Barr yalikuwemo ndani ya vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa. Mmoja wa waandishi wa makala hayo alikuwa Peter Clifford, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Nairobi. Nataja hilo makusudi. Tunazoea kusikia kwamba sayansi inatoka kwao na kuja kwetu, na huku vipande vya nyama vilivyoufungua mlango huu vilitoka kwenye taya za watoto wa ukanda huu.

Kwa silaha hiyo mkononi, zur Hausen aligeukia saratani ya mlango wa kizazi. Wakati huo wataalamu wengi walikuwa wameshika kwamba inaletwa na kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Alikitafuta kwa njia ya zipu, na sampuli baada ya sampuli haikushika. Aliposimama mbele ya wenzake katika miaka ya 1970 na kusema hakukiona, alipokewa kwa kimya. Mshukiwa wake yeye alikuwa HPV, kirusi cha vigwaru, na wazo hilo lilionekana la kitoto. Vigwaru na saratani wapi na wapi?

Shida nyingine ilikuwa kwamba HPV si kimoja. Alipotumia zipu ya vigwaru vya kawaida, haikushika kwenye saratani. Ilibidi yeye na wenzake, akiwemo Lutz Gissmann, wavitafute kimoja kimoja. Walitambua aina ya 6 mwaka 1980, na ya 11 miaka miwili baadaye, lakini hizo zilikuwa za vigwaru vya sehemu za siri. Wakalegeza masharti ya maabara ili zipu ishike hata pale meno yasipolingana yote, wavute na ndugu wa mbali. Mwaka 1983 wakapata aina ya 16. Mwaka 1984, aina ya 18. Hizo mbili pekee zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani.

Kuanzia pale alipoanza kushuku hadi alipoonyesha ilichukua zaidi ya miaka kumi. Baada ya hapo akafanya jambo ambalo kwangu mimi lina uzito sawa na ugunduzi wenyewe: alizigawa nakala za maagizo ya virusi hivyo kwa maabara zilizoomba. Angeweza kuzifungia kabatini. Wengine wakarudia majaribio, wakaona alichokiona, na kwa pamoja wakaeleza namna madhara yanavyotokea. Protini mbili za kirusi huzima breki za seli. Seli yenye afya huwa na breki za kuizuia isijigawe ovyo. Breki zikizimwa haianguki siku hiyo hiyo. Inateremka taratibu, na kutoka maambukizi hadi saratani mara nyingi hupita miaka 15 hadi 20, au pungufu ya hapo kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika.

Alipojaribu kuzishawishi kampuni za dawa katikati ya miaka ya 1980, hazikuona biashara. Mwaka 1991, Australia, Ian Frazer na Jian Zhou walionyesha kwamba protini ya ganda la HPV inaweza kujijenga yenyewe ikawa bahasha kamili isiyo na karatasi ndani. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa mwaka 2006. Zur Hausen alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2008. Nusu ya pili waligawana Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier kwa ugunduzi wa HIV. Alifariki Mei 2023. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akishikilia wazo jingine, kwamba kuna kitu kwenye nyama na maziwa ya ng'ombe kinachochangia baadhi ya saratani, na hilo halijakubaliwa na wanasayansi kwa jumla. Mtu kuwa sahihi mara moja kwa kishindo hakumpi hati ya kuwa sahihi milele. Kila dai linapimwa upya.

Samaki wa Dunga

Turudi kwenye hesabu zile zinazosomwa redioni. Mtafiti akimaliza kazi huiandika na kuipeleka kwenye jarida. Jarida huwapa wataalamu wengine waisome na kuikosoa, mara nyingi bila kujulikana majina yao. Ikipita, inachapishwa. Baadaye mwingine akiitumia katika kazi yake, anaitaja. Kutajwa huko ndiko kunukuliwa. Ni kama kwenye baraza mzungumzaji anaposema, "kama alivyotueleza mzee fulani."

Kuna kipimo kinachoitwa h, kilichobuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Jina linatisha, hesabu haitishi. Nenda ufuo wa Dunga asubuhi, umkute mama anayeuza mbuta. Ampange samaki mkubwa mbele, wengine wafuate hadi mdogo. Kama ana samaki watano ambao kila mmoja ana kilo tano au zaidi, lakini hana sita wenye kilo sita, kipimo chake ni 5. Weka makala mahali pa samaki na nukuu mahali pa kilo. Mtafiti mwenye h ya 40 ana makala 40 ambayo kila moja limenukuliwa angalau mara 40.

Kipimo hicho kinakuambia kwamba mtu amevua kwa muda mrefu na si mara moja tu. Hakikuambii mengine mengi. Mama mwenye mbuta mmoja wa kilo 80 na dagaa tele anabaki na kipimo cha chini, hata kama yule mbuta alilisha kijiji. Kijana aliyeanza juzi atakuwa chini kwa kuwa ni kijana. Na kunukuliwa si kusifiwa: makala ya mwaka 1998 yaliyodai kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji yamenukuliwa mara nyingi mno, mengi ya manukuu hayo yakiyapinga, na jarida lenyewe liliyafuta mwaka 2010. Anayekutumia video akisema "utafiti umechapishwa" muulize kama bado umesimama.

Kuna pia alama ya jarida, wastani wa nukuu ambazo makala zake hupata. Watu huitumia kumpima mwandishi, jambo ambalo ni sawa na kumpima abiria kwa uzuri wa matatu aliyoipanda.

Makala ya zur Hausen ya 1983 na 1984 yamenukuliwa mara maelfu. Lakini ukinitaka nionyeshe uzito wa kazi yake, sitakupeleka kwenye jedwali la nukuu. Nitakurudisha Kisumu.

Dozi moja

Chanjo ilipoanza ilitolewa kwa dozi tatu, baadaye mbili. Kwa muuguzi wa kaunti, dozi ya pili ni safari ya pili. Msichana ameshahamia kwa nyanya yake Siaya, simu ya mama imezimwa, kadi imepotea, au siku ya kurudi imeangukia msimu wa mafuriko Nyando. Dozi mbili pia ni chupa mbili, kwa nchi ambazo bajeti haitoshi hata chupa moja. Ikawa muhimu kujua kama moja ingetosha.

Utafiti ulioitwa KEN SHE uliuliza hilo hapa Kenya, katika vituo vitatu: Kisumu, Thika na Nairobi. Wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 walishiriki. Walioongoza kazi hiyo ni pamoja na Ruanne Barnabas, na Wakenya Nelly Mugo na Elizabeth Bukusi wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Wengine walipewa dozi moja ya chanjo ya HPV, wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Matokeo yalitoka mwaka 2022: baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imezuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike kwa wasichana.

Nimesikia ikisemwa kwamba watu wa Kisumu hufanywa panya wa maabara. Uchungu ulio nyuma ya maneno hayo naujua, na siyo wa kubezwa, kwani historia ina mambo ya aibu. Lakini tazama utafiti huu ulivyopangwa. Kila mshiriki alielezwa na kutia sahihi. Kundi la kulinganisha halikupewa maji matupu. Lilipewa chanjo ya ugonjwa mwingine unaoua, na mpango tangu mwanzo ulikuwa kwamba nalo lipate ya HPV baadaye. Chanjo yenyewe ilikuwa imeshatumika nchi nyingine kwa zaidi ya miaka kumi. Kilichotafutwa kilikuwa kama wasichana wetu wanaweza kulindwa kwa gharama na usumbufu mdogo, na jibu lililopatikana huku sasa linawalinda wasichana wa nchi nyingine.

Uvumi kwamba chanjo hii hufunga kizazi ndio unaosambaa kuliko wote. Ndani ya chanjo mna bahasha tupu. Hamna maagizo ya kirusi, kwa hiyo haiwezi kuambukiza HPV wala kubadilisha chochote ndani ya seli. Baadhi ya chanjo hizi ganda lake hutengenezwa kwa kutumia hamira, jamaa ya hamira ile ile tunayoumulia mandazi. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011, Australia mwaka 2007, na wengi wa waliochanjwa wakati huo leo ni akina mama. Scotland walichunguza wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 na hawakukuta saratani ya mlango wa kizazi hata moja kati yao. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe. Kwa makadirio ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 5,000 nchini Kenya walipatwa nayo, na zaidi ya 3,000 walikufa.

Kwa nini basi msichana wa miaka kumi, ambaye hana habari na mambo ya wakubwa? Kwa sababu hiyo hasa. Chanjo humfundisha mlinzi kuitambua bahasha mlangoni. Karatasi ikishaingia kwenye mtoto wa meza, chanjo haiitoi. Kumchanja si kumruhusu lolote, kama vile kumchanja pepopunda si kumruhusu akanyage misumari.

Yule mama wa Nyalenda naye ana lake la kufanya, maana chanjo ya binti haimkingi yeye. Akapimwe mlango wa kizazi. Mabadiliko yanayotangulia saratani yanaonekana miaka mingi kabla na yanatibika hapo hapo kliniki. Mwanamke anayeishi na HIV yuko kwenye hatari kubwa zaidi, takriban mara sita, na anahitaji kupimwa mara nyingi zaidi. Binti anayeishi na HIV naye hatoshelezwi na dozi moja: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau mbili, na tatu inapowezekana. Katika kaunti za ziwa, ambako HIV imegusa nyumba nyingi, hili lisemwe kwa sauti.

Imebaki deni moja. Kirusi cha Epstein-Barr, kilichopatikana kabla ya aina za HPV zinazoleta saratani na ambacho ndicho kilichomfunza zur Hausen kutafuta kisichoonekana, hadi sasa hakina chanjo iliyoidhinishwa. Watoto wa kando ya ziwa wangali wanaugua uvimbe wa Burkitt. Mshirika wake, malaria, ndiye ameanza kubanwa: chanjo ya malaria ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya Septemba 2019, huko Ndhiwa, Homa Bay. Uvimbe huu unakua kwa kasi ya kutisha, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mara nyingi dalili ya kwanza ni jino la mtoto kulegea bila kuanguka wala kupigwa, kisha shavu kujaa, na mzazi anadhani ni jino bovu. Jino likishang'olewa na shavu likazidi kuvimba, mtoto asirudishwe nyumbani kungoja. Apelekwe hospitali kubwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu uvimbe huu, ukiwahiwa, ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa upesi.